ELIMU YA MLIMANI ISHUKE KARIAKOO

Chuo Kikuu chetu hakikuzaliwa mlimani. Kilizaliwa mtaa wa Lumumba, ndani ya jengo la TANU, mwezi wa Oktoba mwaka wa 1961, wiki chache kabla ya Uhuru, kikiwa na wanafunzi wa sheria wasiozidi 15. Aliyetoka mlangoni alikuwa na Mnazi Mmoja mbele yake na Kariakoo mgongoni. Mwaka wa 1964 kikahamia kule kilimani, njia ya Ubungo. Kuhama si kosa, maana mahali palikuwa padogo. Lakini swali letu leo ni hili, nasi tunaliuliza bila kumung'unya maneno: je, elimu nayo ilihama?

Ndugu wananchi wa Kariakoo mnawajua hawa vijana wa Chuo. Huja na karatasi za maswali. Mmoja humwuliza mpangaji analipa kodi kiasi gani na wanalala wangapi chumba kimoja. Mwingine huwasikiliza wachukuzi wakisemezana, akaandika maneno yao. Wa tatu huomba kipande cha zege, akakipeleke maabara kukivunja kwa mashine ajue nguvu yake. Watu huwapokea vizuri, huwapa benchi na maji ya kunywa, huwajibu maswali ambayo hata mkwe hayaulizi. Basi kijana huondoka, huandika kitabu chake kwa Kiingereza, hupata shahada, na kitabu huwekwa rafuni. Yule aliyeulizwa hasikii neno tena.

Mkulima akichukuliwa pamba yake bila malipo, tunasema amenyonywa. Mtu akichukuliwa habari za nyumba yake, za lugha yake na za riziki yake, asirudishiwe kitu, tusemeje? Sisi hatuoni sababu ya kutafuta neno jingine.

Desturi hii ni ya zamani, nayo ina wenyewe. Katika miaka ya 1950 serikali ya kikoloni ilimtuma ofisa wake, Bwana J. A. K. Leslie, kuchungua maisha ya Waafrika wa mji huu. Kazi yake ilitokea kitabu mwaka wa 1963, kwa Kiingereza, na wasomi wanakitumia mpaka leo. Hatusemi kitabu ni kibaya. Kina mambo mengi ambayo pengine yangepotea. Ila kilikusudiwa kusomwa na mtawala ili ajue kutawala, si na mtawaliwa ili ajue kujitawala. Mtawala alifanya lililomfaa. Msomi wetu wa leo, aliyesomeshwa kwa jasho la wananchi, ana udhuru gani?

Tena mkoloni alijua jambo moja ambalo wasomi wetu wanalisahau: kwamba nyumba, lugha na watu ni habari moja. Aliugawa mji huu mafungu matatu, tangu zama za Wajerumani na baadaye Waingereza: Uzunguni, Uhindini na Uswahilini. Naye alikuwa mjanja. Sheria zake za ujenzi zilitaja namna ya nyumba. Huku zijengwe nyumba za Kizungu, kule za biashara, na kwingine zile za makuti na udongo. Rangi ya mtu ikafichwa ndani ya ukuta. Mnazi Mmoja ukaachwa wazi katikati kama mpaka. Hivyo saruji na udongo vilifanya kazi ya polisi. Leo mambo hayo matatu Chuoni yana ofisi tatu, na wakuu wake watatu, wala hawaalikani chai.

Sasa tuyatazame ya juzi juzi, maana ndiyo yanayotuuma. Jumamosi tarehe 16 Novemba, 2024, asubuhi, ghorofa iliporomoka hapa Kariakoo. Zaidi ya watu 25 walikufa, na waokozi walichimba siku kadhaa kuwafikia waliofunikwa chini. Kabla yake, Ijumaa Kuu ya mwaka wa 2013, jengo la ghorofa nyingi lililokuwa likijengwa mtaa wa Indira Gandhi lilianguka likaua zaidi ya 30. Waliokufa ni wafanya biashara, wanunuzi, vibarua, na mwaka ule wa 2013 hata watoto waliokuwa wakicheza karibu.

Zege halina uchawi. Likizidishiwa maji ili litelezeshwe upesi, maji yale baadaye hukauka na kuacha vitundu, na nguvu hupungua. Likitiwa mchanga wa pwani usiooshwa, chumvi huila nondo, kutu huvimba, na nguzo hupasuka kutoka ndani. Lisipomwagiliwa maji walau siku 7 za kwanza halikomai sawasawa. Ndiyo maana wahandisi hulipima siku ya 28. Haya yamo vitabuni, na Mlimani kuna kitivo cha uhandisi tangu mwaka wa 1973. Basi mhandisi atakwambia: zege lilikuwa dhaifu. Amesema kweli, lakini amesema nusu.

Kwa nini lilikuwa dhaifu? Hapo mashine ya maabara haijibu. Mwulize fundi. Atakwambia mwenye nyumba anahimiza, kwa sababu fremu moja ya duka Kariakoo ni mali, na kila mwezi wa kuchelewa ni kodi iliyopotea. Atakwambia msingi ulichorwa wa ghorofa mbili zikaongezwa mbili. Atakwambia kibarua hulipwa kwa siku, na anayesema "nguzo hii imepasuka" kesho hapati kazi. Hii ndiyo kazi ya mchunguzi wa jamii, bila yeye mhandisi ni kipofu wa jicho moja. Kisha mwonyeshe fundi huyo huyo mchoro na maelezo ya kazi yake: Kiingereza kitupu. Mtu anayechanganya zege la kubebea roho za watu amepewa amri kwa lugha asiyofundishwa. Hapo yuko wapi mtaalamu wa lugha? Yuko Mlimani, anapanga ngeli.

Wako watakaosema, "Kiswahili hakina maneno ya sayansi." Maneno haya tumechoka nayo. Taasisi ya Uchunguzi wa Kiswahili ilianza mwaka wa 1964. Ilitoa Kamusi ya Kiswahili Sanifu mwaka wa 1981, na kufika mwaka wa 1990 ilikuwa imetoa kamusi nzima ya biolojia, fizikia na kemia. Baraza la Kiswahili lipo tangu mwaka wa 1967. Wanafunzi wa Kiswahili pale pale Mlimani huandika tasnifu zao kwa Kiswahili, na mbingu haijaanguka. Mwaka wa 2021 sheria ilibadilishwa, Kiswahili kikawa lugha ya sheria na ya mahakama. Ikiwa hakimu aweza kumfunga mtu kwa Kiswahili, mhandisi ashindwe kumwonya kwa Kiswahili? Na fundi wa Gerezani anayesema nondo, zege, kokoto, karai, hakungoja kamati ikae.

Wengine, nao ni waungwana zaidi, husema, "Tusipoandika Kiingereza, ulimwengu hautatusoma." Vema, andikeni. Hatumfukuzi mtu London wala Chicago. Wajapani huandika kwa lugha yao na kwa Kiingereza pia, wala nyumba zao haziporomoki kwa ajili hiyo. Tunachokataa ni ulimwengu kusoma habari za Kariakoo na Kariakoo isizisome.

Kwamba jambo hili lawezekana, ushahidi ni soko lenyewe. Lilichorwa na Mwafrika, Beda Amuli, likafunguliwa mwaka wa 1975: paa la zege mfano wa miavuli mikubwa, lililokusudiwa kupokea mvua na kuiteremsha maji yakatumika. Kila mama aliyeuza mchicha chini yake aliona elimu ile kwa macho, bila kuhitaji kamusi. Moto uliliunguza mwezi wa Julai, 2021.

Mimi ni mwalimu kwa mafunzo. Chuo cha ualimu kilinifunza jambo moja kabla ya mengine yote: somo ambalo mwanafunzi hakulielewa halikufundishwa, hata kama ubao umejaa. Kwa kipimo hicho, uchunguzi mwingi uliofanywa Kariakoo haujafanywa bado.

Tunataka nini? Tume ya Sayansi na Teknolojia ndiyo inayotoa vibali vya uchunguzi. Iandike sharti katika kibali: kila atakayemwuliza mwananchi, au kuchukua kipande cha nyumba yake, arudi na muhtasari wa Kiswahili, ausome mbele ya watu wa kata hiyo, aulizwe maswali naye ajibu. Asiyerudi, asipewe kibali cha pili. Wataalamu wa lugha wakae na mafundi kwenye kazi, wapatane maneno, maelezo ya ujenzi yabandikwe kwa Kiswahili kila panaposimama jengo. Na fundi akitilia shaka zege lake, apelekwe maabara bila kuombwa barua kumi.

Gharama? Karatasi mbili na nauli ya daladala. Ukumbi wa Anatoglo haujahama Mnazi Mmoja, hatua chache kutoka pale Chuo kilipoanzia. Jumamosi jioni, mafundi wakisha kulipwa, ni wakati mzuri. Sisi wa chama tutapanga viti na kupita mtaa kwa mtaa kuwaita watu. Wasomi walete majibu ya yale waliyouliza.