Kamera Haijafa

Mama mmoja wa Tabata, Dar es Salaam, ana goti linalomsumbua. Kutoka sebuleni hadi getini kwake ni kama hatua thelathini, na kila kengele ikilia huzihesabu. Mwanawe anayeishi Uingereza akamletea spika janja yenye kioo, ili mama aiagize tu imwonyeshe aliyesimama nje. Kamera ilinunuliwa Kariakoo, fundi akaja kuifunga. Miezi miwili ikapita, spika ikijibu neno lile lile: kifaa hicho sikioni.

Nilipoitwa, baada ya shikamoo na marahaba, mama alinisimulia yote aliyoambiwa na mafundi, majirani na wajukuu. Nilikwisha kuyasikia katika nyumba nyingine nyingi, na karibu yote hayana ukweli. Nayajibu hapa kwa sababu yanakula fedha za watu, na kwa sababu anayeumia mara nyingi ni mzee aliyekihitaji kifaa hicho kuliko sisi wenye magoti mazima.

La kwanza ni kwamba kamera ni mbovu, au feki, itafutwe nyingine. Kabla hujatoa hata shilingi, zima waifai kwenye simu yako, washa data, kisha fungua programu ya kamera. Ukiona geti, basi kamera ni nzima, ruta ni nzima, intaneti ya nyumbani inafika, na seva za kampuni ya kamera zinajibu. Kilichobaki kukaguliwa ni makubaliano kati ya akaunti ya kamera na akaunti ya spika, na hayo hayauzwi dukani.

Hapo wengi hupotea kwa sababu tunaamini macho. Kamera ile pale, spika hii hapa, katikati ukuta mmoja tu. Nani asingedhani vinaongea? Kwa kamera nyingi za majumbani, haviongei moja kwa moja. Ukitoa amri, sauti yako inakwenda kwenye seva za kampuni ya spika. Zenyewe zinaigeuza kuwa maneno, zinatafuta jina la kamera kwenye orodha ya vifaa vyako, kisha zinabisha hodi kwa kampuni ya kamera zikiwa na kibali ulichotoa siku ulipounganisha akaunti hizo mbili. Kibali kikikubaliwa ndipo picha huletwa kwenye kioo. Ombi la kuliona geti lililo nyuma ya ukuta wako linaweza kuvuka bahari na kurudi kabla hujaona kitu.

Ukilielewa hilo, dai la kuwa spika na kamera lazima ziwe kwenye waifai moja, tena masafa yale yale, linakosa miguu. Ni kweli kamera nyingi za bei nafuu zinakubali 2.4 gigahezi peke yake. Lakini hayo ni mambo ya kamera na ruta, na utayajua siku ile ile ya kufunga, kamera itakapokataa kabisa kuingia mtandaoni. Ikishaingia, spika inaweza kukaa kwenye 5 gigahezi bila shida. Zipo chache zinazopitisha picha kwa njia ya mkato ndani ya nyumba, na hizo hupenda mtandao mmoja. Ila njia hiyo inahusu picha. Haiwezi kuwa sababu ya spika kusema haikijui kifaa.

Bando nalo husingiziwa sana. Picha ya kamera inapanda kutoka nyumbani kwako kwenda nje, na wengi hupima kasi ya kushusha tu, ile inayotangazwa kwenye mabango. Kwa picha safi ya 1080p, kasi ya kupandisha ya megabiti 2 hivi kwa sekunde inatosha kwa kamera moja. Kama duara linazunguka, picha inafunguka kisha inaganda, hapo sawa, angalia kasi, au sogeza ruta karibu. Kamera za betri nazo husinzia zikisubiri kuamshwa, na spika wakati mwingine hukata tamaa kabla hazijaamka. Lakini bando kubwa kuliko yote nchini halitaifanya spika itambue kamera ambayo haijapewa ruhusa ya kuitambua.

Ushauri unaoniudhi kuliko mwingine ni ule wa kubonyeza kitufe kidogo nyuma ya kamera na kuirudisha ilivyotoka kiwandani. Fundi anafanya hivyo, anaisajili upya kwa jina lile lile, anaondoka. Kwenye orodha ya spika sasa mna kamera mbili za jina moja: ya zamani, ambayo haipo tena, na mpya. Mwenye nyumba akiita, spika inaweza kuishika ile ya zamani na kujibu kwamba haipatikani. Tatizo la mwanzo huenda lilikuwa dogo tu: mtu alibadilisha nenosiri la akaunti ya kamera, na kibali cha zamani kikafa kimya kimya. Dawa yake iko kwenye simu. Ingia kwenye programu ya spika, zima kiunganishi cha kampuni ya kamera, kiwashe tena, weka nenosiri jipya, futa majina yote ya zamani, kisha iambie itafute vifaa upya. Ngazi haihitajiki, wala kugusa kamera.

Kisha kuna wanaosema Alexa, msaidizi wa sauti wa Amazon aliye ndani ya spika kama ya mama, haifanyi kazi Tanzania. Hapa pana chembe ya ukweli, na ndiyo maana uvumi huu haufi. Viunganishi hutolewa kwa nchi na kwa lugha. Spika iliyosajiliwa kwa akaunti ya Uingereza inaweza isikione kiunganishi kilichotolewa kwa Marekani pekee, na kampuni nyingine za kamera huweka akaunti za kila eneo kwenye seva zake, mbali na za maeneo mengine. Kwetu, ambako spika huja kwenye mizigo ya ndugu na kamera hununuliwa hapa, nchi mbili kugongana ni jambo la kawaida. Linganisha nchi ya akaunti zote mbili na lugha ya spika kabla ya kuilaumu nchi yako.

Kwa mama wa Tabata nilianzia hapo, nikakuta nchi hazigombani. Nikaomba kuona ni barua pepe ya nani iliyosajili kamera. Haikuwa ya mama, wala ya mwanawe. Ilikuwa ya fundi.

Nimelikuta jambo hili mara nyingi, na nalisema kwa uchungu. Fundi anataka kumaliza kazi haraka, mteja hana barua pepe, basi anaisajili kamera kwa akaunti yake mwenyewe kisha anamshirikisha mteja kama mgeni. Mteja anaona picha kwenye simu, anafurahi, analipa. Hajui kwamba mwenye kamera mbele ya kampuni ni fundi, na kwa kampuni nyingi aliyeshirikishwa hana uwezo wa kuiunganisha na spika. Kuna kubwa zaidi. Fundi yule, hata kama ni mwaminifu, anaweza kulitazama geti la nyumba hiyo saa yoyote, akiwa popote. Anajua mama anatoka lini na anarudi lini. Nilipomweleza, mama alinyamaza kidogo, kisha akauliza, “Mwanangu, kwa hiyo siku zote hizi ananiona?” Nilimjibu kwamba uwezo anao.

Tulimpigia. Alikubali kuifuta kamera kwenye akaunti yake, tukaisajili kwa jina la mama, nenosiri akaliandika mwenyewe kwenye daftari lake la vikoba. Hiyo ndiyo kazi iliyomaliza sehemu kubwa ya ugonjwa wa miezi miwili.

Wajukuu walikuwa wamependekeza kufungua porti kwenye ruta ili kamera ipitike. Hapana. Picha hupita kwenye njia ambayo kamera yenyewe huifungua kwenda nje, na ruta nyingi za laini ya simu hazifikiki kutoka nje hata ukijaribu. Kufungua porti ni kuacha mlango wazi usiku. Mwaka 2016 programu haribifu iitwayo Mirai iliingia kwenye kamera na mashine za kurekodia zilizoachwa na nenosiri la kiwandani, ikazigeuza jeshi, na tarehe 21 Oktoba mwaka huo jeshi hilo likaielemea kampuni ya Dyn, iliyokuwa ikiwaelekeza watu kwenye tovuti kwa majina yake, hadi tovuti kubwa za Marekani zikazimika kwa saa kadhaa. Wenye kamera hizo wengi hawakujua kitu.

Na usikubali kuambiwa kwamba ikikataa kosa ni lako. Januari 2020 mtu mmoja Uholanzi aliita kamera yake ya Xiaomi kwenye kioo cha Google Nest Hub, akaonyeshwa picha za ndani ya nyumba za watu wengine. Google ikaufunga kabisa muunganisho wa vifaa vya Xiaomi mpaka tatizo litatuliwe. Wateja wasio na hatia wakabaki na vioo vitupu, na wakati huo kufungwa kulikuwa sahihi. Tarehe 20 Oktoba 2025 hitilafu ya seva za Amazon huko Virginia iliziyumbisha Alexa na kamera za Ring. Sisi huku tunakumbuka tarehe 12 Mei 2024, nyaya za baharini za EASSy na SEACOM zilipokatika na intaneti ikadorora Tanzania nzima. Siku kama hizo uliza jirani kwanza. Kama na yeye hapati, weka simu chini na usiguse mpangilio wowote, maana ukivuruga leo, kesho mtandao utarudi na kamera haitarudi.

La mwisho linahusu lugha. Mama aliambiwa spika haijui Kiswahili, kwa hiyo si yake. Kwamba Alexa haizungumzi Kiswahili ni kweli, na inaniuma. Lakini amri yenyewe ni maneno mawili matatu ya Kiingereza, mama aliyajifunza siku moja. Kilichobaki kumkwamisha ni jina la kamera. Fundi aliiita “Getini”, na sikio la Kiingereza la spika kila mara lililisikia kama neno jingine. Tukajaribu “Kibaraza”, ikawa vibaya zaidi. Nikamwomba achague neno la Kiswahili ambalo hata Waingereza wanalijua. Akafikiri. “Simba,” akasema.

Tukaandika Simba kwenye programu, tukaiagiza spika itafute vifaa. Mama akakaa vizuri kwenye kochi, mguu juu ya stuli, akaita. Kioo kikawa cheusi kwa sekunde nne hivi, kisha geti likatokea: kijana wa maji na mkokoteni wake, madumu sita, anajifuta jasho kwa kola ya shati. Mama akanyanyua simu akampigia, akamwambia aingize manne.