Diski ikianza kugonga, okoa picha za mama kwanza!

Tunduma mpo? Vwawa, Mlowo, Mkwajuni mpo? Na nyie wa Nakonde mnaovuka kuja kununua gazeti, karibuni sana, hapa hatuulizi pasi.

Wiki hii hatuongelei mavazi wala mashemeji wasumbufu. Tunaongelea ile kompyuta kuukuu iliyokaa pembeni ya kabati la tivii, imefunikwa kitambaa cha kufuma kama bibi harusi. Siku moja unaiwasha, inakuletea maandishi meupe kwenye kioo cheusi kwamba haioni diski. Au inafunguka, ila kwa mwendo wa foleni ya malori mpakani. Au, mbaya kuliko zote, inatoa mlio: tik, tik, tik, kama mtu anayegonga kucha mezani.

Hapo wengi wanakosea. Wanakimbilia kuitengeneza mashine.

Sikilizeni, masela. Mwaka 1974 serikali yetu ilipiga marufuku kuingiza kompyuta nchini, kwa hiyo enzi hizo mashine yenyewe ndiyo ilikuwa mali adimu. Siku hizi mambo yamegeuka. Mashine ya mtumba unaipata hata kwa kulipa kidogo kidogo. Mali adimu ni kile kilichomo ndani: picha, vyeti ulivyoskani, mahesabu ya duka, daftari la kikundi. Diski nyingine utanunua. Picha ya marehemu hainunuliki popote.

Nitawapa mfano. Mwaka jana dada mmoja wa Maporomoko, muuza vitenge, alipeleka CPU yake kwa fundi. Nilikuwepo, nilienda kuchaji simu. Fundi akasikiliza mlio, akatikisa kichwa.

“Dada yangu, dawa yake ndogo tu. Tunaipiga Windows mpya, kesho unachukua.”

“Na picha za mama, kaka?”

“Zitakuwepo tu, usiwe na wasi.”

Jamani! Nikamwomba fundi kwa heshima zote aizime kwanza. Kupiga Windows mpya kwenye diski inayogonga ni kumwita mpaka rangi wakati paa linaungua. Inaandika juu ya vitu vyako, halafu inaikimbiza diski mbio ambazo haiziwezi tena. Mama yake dada huyo alishatangulia mbele za haki, na picha zake hazikuwa mahali pengine popote.

Sasa tufanyeje? Twende hatua kwa hatua, kuanzia nje kuingia ndani.

Ya kwanza, zima na uchomoe kwenye umeme. Mlio wa kugonga maana yake kichwa kinachosoma diski kinatafuta njia na hakioni. Ndani ya diski kuna sahani zinazozunguka mara 5,400 au 7,200 kwa dakika, na kichwa kinapaa juu yake kwa nafasi ndogo kuliko chembe ya vumbi. Kikigusa, kinakwangua. Kila dakika unayoiacha inaunguruma inaweza kuondoka na picha nyingine.

Ya pili, kama haigongi ila kompyuta inasema haioni diski, usikimbilie kulia. Anza na waya. Mashine iliyopanda bodaboda kutoka Mlowo mpaka Tunduma imepigwa matuta ya kutosha, waya unaweza kuwa umelegea tu. Fungua ubavu wa CPU, gusa chuma cha boksi ili umeme wa mwilini ukutoke, chomoa waya wa diski pande zote mbili, puliza vumbi, rudisha mpaka ukae. Wa umeme nao hivyo hivyo. Ukikuta waya mpana kama utepe, hiyo ni IDE ya zamani. Ukiwa mwembamba, ni SATA. Azima mwingine kwa jirani ujaribu. Nimeona watu wananunua diski mpya wakati mgonjwa alikuwa waya.

Ya tatu, angalia saa ya kompyuta. Ikiwa kila ukiwasha inakurudisha miaka ya nyuma huko, kile kibetri cha duara kwenye mazabodi kimekufa. Kinaitwa CR2032, cha volti 3, bei yake ni ya soda kadhaa. Kikifa, mashine inasahau mipangilio yake, ikiwemo diski ipi ianze na isomwe kwa mtindo gani. Matokeo yake Windows inagoma, inakupa kioo cha bluu, kumbe diski nzima kabisa. Badilisha betri, ingia kwenye BIOS (mashine nyingi ni kwa kubonyeza Delete au F2 mara tu unapowasha), uone kama jina la diski linaonekana. Mipangilio ya SATA utakayokutana nayo sana ni AHCI na IDE. Kama hujui Windows yako iliwekwa kwa upi, jaribu mmoja, ukigoma rudisha mwingine.

Ya nne ndiyo kiini cha safu ya leo. Kama diski inaonekana lakini inasuasua, usianze kuitibu. Nakili! Itoe, ifunge kwenye kompyuta nyingine kama diski ya pili, au tumia kiboksi cha kuichomeka kama flashi. Huna kompyuta nyingine? Weka Linux kwenye flashi, Ubuntu kwa mashine yenye nguvu kidogo au Puppy kwa ile kikongwe, uwashe kwa hiyo flashi bila kuigusa Windows. Anza na vidogo vyenye thamani: picha, vyeti, mahesabu. Muvi na nyimbo zisubiri, hizo hata jirani anazo. Faili likigoma, liruke, nenda lingine. Kwa diski mahututi kuna programu ya Linux inaitwa ddrescue: inachukua yaliyo mazima kwanza, kisha inarudi kuyabembeleza yaliyogoma.

Yule dada tulimfanyia hivyo hivyo. Ile diski ilikuwa inagonga kwa vipindi, ikitulia inasoma. Tukakaa mpaka giza. Picha chache ziligoma, nyingi zikatoka. Ilipotokea ile ya mama yake amesimama kwenye mibuni huko Mbozi, na kanga begani, duka zima likanyamaza. Fundi mwenyewe akageukia ukutani akijifanya anatafuta bisibisi.

Ya tano, baada ya kunakili ndiyo upime ugonjwa. Diski zina daftari la afya linaloitwa SMART, na programu ya bure ya CrystalDiskInfo inakusomea. Tazama idadi ya vipande vilivyohamishwa na vile vinavyosubiri kuhamishwa. Ikiwa sifuri, pumua. Ikiwa inapanda kila siku, hiyo diski inaaga. Hapo ndipo chkdsk na Windows mpya vinaruhusiwa, sio kabla.

Daftari hilo hilo litakusaidia ukinunua diski ya mtumba. Limeandika saa ambazo diski imewashwa. Mwaka mmoja una saa 8,760, kwa hiyo ukiona 35,000 ujue imekesha miaka minne bila kulala, labda kwenye ofisi ya watu. Muuzaji akikwambia “bado mpya hii, bro”, mwonyeshe namba ucheke naye. Ukiwa na uwezo, na mashine yako ni ya SATA, chukua SSD. Haina sahani wala kichwa, na kompyuta ya kizee itakimbia mpaka ushangae.

Sasa ya kukataa, hata akikushauri nani. Usiifungue diski yenyewe, vumbi la malori yetu litaimaliza palepale. Usiigonge na nyundo kidogo “ili ishtuke”. Usiiweke kwenye friji, unyevu utaingia. Kile kimondo chetu cha Ndolezi, cha tani kama 16, kimepigwa jua na mvua na bado kipo. Diski haina ubavu huo. Ikiwa imegonga mpaka haionekani kabisa, kuna wataalamu wenye vyumba visivyo na vumbi. Bei yao si ya kitoto, kwa hiyo jiulize kilichomo kina thamani gani kwako.

Na nyie wenye mambo yenu, hapa tegeni sikio. Ukimwachia mtu diski umemwachia maisha yako: meseji, picha za chumbani, mikopo, na yule wa Nakonde ambaye wa nyumbani hamjui. Mafundi wengi ni waungwana, lakini si wote. Kaa pale wakati anafanya kazi. Kama ugonjwa ni kioo au pawa saplai, chomoa diski ubaki nayo nyumbani. Na ukiuza mashine, kufuta faili kwa kawaida hakutoshi, maana yanarudishwa. Ifute diski yote kwa programu ya kufutia, au uza mashine bila diski.

Mwisho, umeme. Ukikatika na kurudi kwa kishindo, diski ndiyo inayoumia wakati inaandika. Stabilaiza inasaidia umeme ukipanda na kushuka, UPS inakupa dakika chache za kuzima kistaarabu. Halafu weka nakala mbili: moja kwenye flashi kabatini, nyingine kwa ndugu wa mji mwingine. Shangazi wa Vwawa anatosha, mradi asiichukue akawekee kwaya.

Kwa leo naishia hapo. Fanya nakala jioni hii kabla hujalala, usingoje mlio. Tukutane wiki ijayo, panapo majaliwa. Mtulie, na msigombane kwa ajili ya rimoti!