Mkanda Ukilia, Tusikimbilie Mshahara wa Dereva



Gari likiwashwa asubuhi ya baridi hapa Machakos na mkanda wa altaneta ukalia, wengi hudhani ni kelele tu. Sisi wa reli hatudhani hivyo. Kazi yetu ni kusikiliza chuma: gurudumu la behewa hugongwa kwa nyundo, na mlio wake humwambia fundi kama lina ufa. Tena mabehewa ya zamani yalipata taa kwa dainamo iliyozungushwa na mkanda kutoka ekseli. Mkanda ukikatika, betri ikiisha, abiria walikaa gizani.

Altaneta ni ndugu ya dainamo ile. Mkanda ukiteleza, betri haijai. Na katika injini nyingi mkanda huo huo huzungusha pampu ya maji, basi injini huchemka. Gari lililojaa watu likizimika usiku penye Makutano ya Kyumvi, bila taa, katikati ya malori, ni hatari ya roho za watu.

Neno letu ni hili. Mara nyingi mwenye gari husikia mlio, hununua altaneta mpya, kisha humkata dereva mshahara. Hiyo si haki, maana chanzo hakikutafutwa. Na kukitafuta hakuhitaji mashine ya bei kubwa.

Kwanza, zima injini utazame mkanda. Ukiwa na nyufa, au uking'aa kama kioo, umekwisha. Ukilowa mafuta, ziba kwanza panapovuja ndipo uweke mpya.

Pili, ubonyeze kwa kidole gumba katikati ya sehemu yake ndefu. Mkanda wa kukazwa kwa bolti hubonyea kama sentimita 1 hivi. Ukizidi sana, umelegea. Ule wenye kikazo cha springi, kague kikazo.

Tatu, injini ikienda, nyunyiza maji kidogo upande wa mifereji, mikono na nguo zikiwa mbali. Kelele ikizidi, mkanda umelegea. Ikinyamaza kisha ikarudi, puli hazikai mstari mmoja.

Nne, zima tena, toa mkanda, zungusha puli ya altaneta kwa mkono. Ikikwaruza au kutikisika, beringi imekufa. Hapo tu ndipo altaneta ina hatia.

Wala usipake sabuni au grisi. Kelele itajificha, ubovu utabaki.

Kifungu cha 19 cha Sheria ya Ajira ya mwaka 2007 chamruhusu mwajiri kukata mshahara kwa mali iliyoharibika kwa kosa la makusudi la mfanya kazi. Beringi iliyochakaa kwa kazi haikuharibiwa na mtu kwa makusudi.

Watakuwapo wa kusema kuwa dereva aliyesikia akanyamaza naye ana lawama. Ni kweli, naye ana wajibu wake. Kwa hiyo twawashauri madereva: siku mlio unapoanza, andika tarehe na ulivyosikia, mpe mwenye gari, ubaki na nakala. Akikuambia endelea tu, mzigo ni wake.

Nanyi makanika, semeni chanzo kabla ya kutaja bei. Kwa neno lenu mtu huweza kupoteza mshahara wa mwezi.