Sikinde ya zamani: mimi naanza na Neema

Anayepanga kazi za zamani za Mlimani Park kwa albamu anapanga kitu ambacho bendi yenyewe haikuwa nacho. Mlimani Park, yaani Sikinde, ilianza mwaka 1978, ikirekodi Redio Tanzania Dar es Salaam ili nyimbo zirushwe hewani. Nchini hapakuwa na kiwanda cha kuchapa sahani za santuri. CD iitwayo Sikinde, ambayo vijana wa hapa Nanyamba huihesabu kuwa albamu yake ya kwanza, ilitoka Marekani miaka ya 1990, nayo ni mkusanyiko tu.

Sisi tulizisikia kwenye redio ya betri. Mawe yakichoka tuliyaanika juani kando ya korosho, yakapata nguvu ya nyimbo mbili tatu. Wimbo usiostahili ulizimiwa redio. Mimi ni fundi cherehani, si mwanamuziki, na mpangilio wangu umetoka humo.

Ya kwanza ni Neema. Cosmas Chidumule, ambaye baadaye aliacha dansi akaimba injili, anaimba bila haraka, na magitaa hayamsukumi. Siku hizi watu wanataka chemko, ile sehemu ya kasi ya kuchezea, tangu mwanzo. Kwangu mimi, bendi inapimwa pale mwanzoni, kabla wachezaji hawajainuka, mwimbaji akiwa bado anasimulia. Neema ningeisikiliza hata chemko likikatwa.

Hiba ya pili, na anayeipa nafasi ya kwanza sigombani naye. Ya tatu ni Visa vya Mwenye Nyumba. Huku kila mtu alikuwa na kibanda chake cha udongo, tukaucheka. Nilipokwenda kupanga chumba Dar, mama mwenye nyumba akinihesabia ndoo za maji, sikucheka tena. MV Mapenzi naiweka chini, wakwe zangu wanisamehe. Habari ya mapenzi kuwa chombo cha baharini ilinichosha mapema.

Wapo wanaosema Sikinde ilikufa mwaka 1985, Hugo Kisima, mwenye bendi ya Safari Sound, alipomchukua mwimbaji Muhiddin Gurumo na wenzake, wakaja na mtindo wa Ndekule. Sikubali. Sauti ya Gurumo ilikuwa pengo, hilo halina ubishi. Lakini King Michael Enoch alibaki, na sikio lake ndilo lililopanga saksofoni, tarumbeta na magitaa visikanyagane. Bendi yenye mtu wa namna hiyo haifi kwa kuibiwa waimbaji.

Ubishi huu utaendelea kwa sababu hatujui vizuri wimbo upi ulitangulia upi. Kanda za Redio Tanzania zilirithiwa na shirika la utangazaji, TBC. Nawaomba TBC wazitoe kwa kufuata tarehe za kurekodiwa, pamoja na majina ya wapigaji wote, hata yule wa tumba, na waziuze kwa bei ambayo mkulima wa korosho anaimudu.