Ufunguo wa Tatu Anao Nani?

Nimechoshwa na ubishi wa "wazi" na "kibali". Karibu kila aliyetuletea makala kwa toleo hili amechukua upande: blokucheni inayompokea yeyote imegatua madaraka, inayodai kibali imeyakusanya. Haya, tuitazame hiyo iliyo wazi. Juni 2014 kundi moja la wachimbaji wa Bitcoin, GHash.IO, lilifikia takribani nusu ya nguvu zote za uchimbaji, na hakuna aliyekuwa amezuiwa mlangoni. Ethereum nayo, tangu Septemba 2022, ilimkubali mthibitishaji yeyote mwenye etha 32. Wasio nazo walichanga kupitia wengine, hata mmoja wa hao, Lido, akapata kushika karibu theluthi ya etha zote zilizowekwa dhamana. (Tena kwetu Tanzania uwazi huo huanzia kwenye laini ya simu, ambayo tangu 2020 isiposajiliwa kwa alama za vidole huzimwa. Hilo waandishi wetu wamelipita kimya.)

Sasa njooni Dumila, njia panda ya Kilosa. Kikundi cha kuweka na kukopa hakimpokei kila mpita njia: ujulikane, udhaminiwe, uikubali katiba. Lakini sanduku lina kufuli tatu, funguo wanazo watu watatu, sanduku lenyewe analo wa nne, na fedha huhesabiwa mbele ya wanachama wote. Mlango ni mwembamba, madaraka yamesambaa. Nani aingie si swali linaloninyima usingizi. Nataka kujua nani anaweza kufungua peke yake, na nani anaweza kubadili katiba wenzake wasijue.

Nayasema haya kwa sababu makala yetu ya kwanza inapendekeza stakabadhi za ghala ziwekwe kwenye blokucheni ya kibali, nodi zikiwa za AMCOS (chama cha ushirika cha masoko ya mazao), mwendesha ghala na mnunuzi. Nodi tatu, naam, na mkulima wa ufuta hana hata moja. AMCOS, mtaniambia, ni ya wakulima. Kawaulizeni siku ya makato.

Makala kuhusu kodi ya asilimia 3 ya mali za kidijiti, iliyoletwa na Sheria ya Fedha ya 2024, ni ya kusomwa na kila mhasibu. Ile ya tahadhari ya Benki Kuu ya 2019 kuhusu sarafu za kidijiti ni fupi, na inatosha.

Mwandishi wa ghala nimemwachia nafasi ya kunijibu toleo lijalo. Aanze na kanuni ya kumwondoa mwenye nodi.