Kompyuta ya kugeuza: hesabu ianzie ghalani, si dukani

KATIKA miaka ya karibuni wauzaji wa vifaa vya umeme wamekuwa wakiinadi aina ya kompyuta wanayoiita "mbili kwa moja". Ni kompyuta mpakato, au laptopu kama wengi wetu tunavyosema, ambayo kibodi yake huchomolewa au kukunjwa nyuma, ikabaki kishikwambi cha kushika mkononi. Ni nyepesi, inaingia kwenye mkoba mdogo, na mwenye nayo huonekana mtu wa kisasa. Viongozi wa vyama vya msingi vya ushirika, wanunuzi wadogo wa mazao na wenye maduka ya pembejeo nao wanaitamani. Hoja yangu ni kwamba kifaa hiki ni zana nzuri kwa baadhi yetu, lakini wengi hukinunua kwa hesabu isiyo kamili, na katika ushirika fedha inayopotea hapo ni makato ya mkulima.

Swali la kwanza ni lile ambalo muuzaji hatakuuliza: kazi yako unaifanya ukiwa umesimama au umekaa? Karani wa AMCOS katika msimu wa ufuta au korosho husimama kando ya mizani tangu asubuhi. Anapokea mzigo, anasoma uzito, anaandika jina la mwanachama na idadi ya magunia, pengine anapiga picha ya kitambulisho. Kompyuta mpakato ya kawaida haimsaidii hapo, kwa sababu hana meza. Jioni karani huyo huyo hukaa kuoanisha orodha, kuandaa malipo na kuandika taarifa ya kupeleka chama kikuu. Sasa ni zamu ya kishikwambi kitupu kumtesa, maana kuandika majina mia tatu kwa kidole juu ya kioo ni adhabu. Mtu wa namna hii, mwenye nusu mbili za kazi katika siku moja, ndiye aliyetengenezewa kompyuta ya kugeuza.

Mwenye duka la pembejeo anayekaa nyuma ya kaunta kutwa nzima hana nusu ya kwanza. Bwana shamba anayejaza fomu fupi akitoka shamba moja kwenda jingine hana nusu ya pili, na simu nzuri inamtosha. Katika Sensa ya Watu na Makazi ya Agosti 2022, makarani walihesabu nchi nzima kwa vishikwambi, kwani kazi yao ilikuwa kuuliza na kubofya. (Baadaye vishikwambi hivyo viligawiwa walimu, ambao kuandika maandalio ya somo ni kazi nyingine kabisa, lakini hilo ni la ukurasa wa elimu.)

Tuje kwenye uzito, ambao ndio unaotangazwa zaidi. Hapa kuna ujanja wa kibiashara unaopaswa kueleweka. Mwaka 2018 kampuni ya Microsoft ilitoa Surface Go, mashine ya inchi 10 yenye uzito wa gramu 522. Bei ya kuanzia Marekani ilikuwa dola 399. Lakini kibodi yake, yenye gramu zipatazo 245, iliuzwa mbali kwa dola 99 au zaidi. Kwa hiyo aliyeona tangazo la nusu kilo na dola 400 alijikuta amebeba robo tatu ya kilo na kulipa karibu dola 500, chaja haijahesabiwa. Mwaka 2020 Lenovo ilitoa Chromebook Duet ya gramu 450. Hiyo iliuzwa pamoja na kibodi na kava lake, jambo la kupongezwa, ila ukivibeba vyote unafika gramu 920. Dai kupimiwa mashine ikiwa imekamilika, kama unavyodai kupimiwa mbolea ikiwa ndani ya mfuko.

Zile ambazo kibodi hukunjwa nyuma bila kuchomoka ni imara zaidi na zinakaa vizuri mapajani ndani ya basi. Tatizo lake ni kwamba nyingi hufika kilo moja na robo hadi kilo moja na nusu. Mgongoni uzito huo si kitu, lakini uushike kwa mkono mmoja kama sahani kwa saa nzima ghalani uone. Zile za kibodi ya kuchomoa ni nyepesi mkononi, lakini nyingi husimama kwa mguu mdogo wa nyuma, na mguu huo unataka meza. Anayepanga kufanya kazi njiani kati ya Lindi na Dar es Salaam azijaribu zote mbili mapajani mwake kabla ya kutoa fedha.

Jambo la tatu ni programu, na hapa ndipo nimeona watu wakiumia kimyakimya. Mashine mbili zinaweza kufanana sura zisifanane uwezo. Mwaka 2012 Microsoft yenyewe ilitoa Surface RT, iliyoonekana kama kompyuta kamili, lakini haikukubali kuwekewa programu za kawaida za Windows ambazo watu walikuwa wamezizoea. Wanunuzi waliikwepa, na Julai 2013 kampuni ikatangaza hasara ya dola milioni 900 kwa ajili ya shehena hiyo. Kampuni kubwa inaweza kumeza hasara kama hiyo. Mfanyabiashara wa Babati aliyenunua kifaa kisichofungua programu yake ya mahesabu haimezi. Kazi zinazofanyika kwenye tovuti, kwa mfano kuwasilisha ritani za kodi, hazibagui sana aina ya mashine. Lakini programu ya mahesabu iliyotengenezwa kwa Windows haiwekwi moja kwa moja kwenye kishikwambi cha Android, iPad wala Chromebook. Hata Windows inayotumia chipu za ARM, kama zilizomo katika Surface Pro ya mwaka 2024, inaendesha programu nyingi za zamani, ila printa ya risiti au kisoma alama za vidole huhitaji programu ya kuunganishia iliyotengenezwa kwa ajili ya chipu hizo. Beba printa yako uende nayo dukani. Muuzaji akikataa kuijaribu, umeshapata jibu.

Sasa bei. Mkulima hawezi kulinganisha jembe na pawatila kwa kutazama bei ya dukani tu. Huuliza itafanya kazi misimu mingapi. Kwa kompyuta muda huo huamuliwa pia na ofisi iliyo mbali kabisa nasi. Tarehe 14 Oktoba 2025 Microsoft ilikomesha msaada wa kawaida wa Windows 10, isipokuwa kwa waliojiandikisha kupata nyongeza ya marekebisho ya usalama kwa muda maalumu. Windows 11 haipokei rasmi mashine nyingi za kabla ya mwaka 2018, na hata Surface Go ya kwanza, iliyotoka mwaka huo huo, haimo. Ndiyo maana mashine za mtumba za kugeuza, nyingine zikipitia Dubai, zinaweza kuonekana rahisi ajabu. Zinawaka, zinapendeza, lakini kutunza humo akaunti ya benki ya chama ni kuacha ghala bila kufuli.

Tuchukue namba za mfano tu. Mashine ya mtumba ya Sh700,000 ikikutumikia kwa usalama miaka miwili, inakugharimu Sh350,000 kwa mwaka. Mpya ya Sh1,500,000 ikidumu miaka sita inakugharimu Sh250,000. Kompyuta mpakato ya kawaida ya Sh800,000 kwa miaka mitano ni Sh160,000, na ukiongeza simu ya Sh400,000 kwa miaka minne, yaani Sh100,000, jumla ni Sh260,000 kwa mwaka. Kwa mwaka, jozi hii na mashine mpya ya kugeuza zinakaribiana sana. Tofauti ni kwamba jozi inaanza na Sh1,200,000 badala ya Sh1,500,000, na kwa mnunuzi wa mazao Sh300,000 zilizobaki mfukoni mwanzoni mwa msimu ni magunia yanayozunguka. Tena simu ikianguka, kompyuta bado ipo. Mbili kwa moja ikianguka, zimeanguka zote mbili.

Na ikianguka, nani ataitengeneza? Kampuni ya Marekani iitwayo iFixit, inayopima urahisi wa kutengeneza vifaa, iliipa Surface Pro ya mwaka 2017 alama 1 kati ya 10. Vioo vya mashine za namna hiyo vimegandishwa kwa gundi na betri imegandishwa ndani. Ili fundi abadilishe betri ya bei ndogo, anaanza kwa kuhatarisha kioo cha bei kubwa. Matoleo ya karibuni yameboreshwa, lakini hayo si yale yanayouzwa kwa bei ya mtumba. Kwa anayeishi Tandahimba au Sikonge ningeshauri aulize kwanza fundi wa mji ulio karibu ni mashine zipi amewahi kuzifungua zikafungika tena. Vilevile hifadhi ya ndani katika mashine nyingi nyepesi haiongezwi baada ya kununua. GB 64 hujazwa upesi na Windows yenyewe, hivyo nisingeshuka chini ya GB 128 za hifadhi na GB 8 za kumbukumbu.

Kuhusu umeme nina neno fupi. Chagua inayochaji kwa tundu la USB-C, kwa sababu hiyo unaweza kuichaji kwa kifaa cha kwenye gari au cha betri ya sola, mradi kitoe wati zinazotakiwa. Isiyo na feni ndani huvumilia vumbi la ghala vizuri zaidi. Na kioo hafifu kisichosomeka nje ya duka saa sita mchana kitakurudisha kwenye daftari wiki ya kwanza.

Kwa vyama vya ushirika nina ombi moja mahususi. Katika rasimu ya bajeti inayosomwa kwenye mkutano mkuu, mstari usemao "kompyuta 1" hautoshi. Uandikwe pamoja na bei ya kibodi, kava na chaja, mwaka ambao msaada wa programu unakoma, idadi ya miaka ambayo gharama inagawanywa, na cheo cha mtumishi atakayekabidhiwa kwa saini. Uandikwe pia mahali ambapo kifaa kitalala baada ya msimu kufungwa, maana wanachama wameshazoea kusikia kwamba mali ya chama iko nyumbani kwa kiongozi.