Kotisoli ya Kawaida, Mgonjwa Hoi

Tuseme mzee wa Masalani, huko Ijara, anatibiwa saratani ya tezi dume kwa vidonge vya estrojeni. Zamani aliugua kifua kikuu. Sasa amekonda, anatapika, akisimama anashikwa na kizunguzungu, na kila mara anatamani chumvi. Damu yake inapimwa kotisoli, homoni itokayo katika tezi mbili ndogo zilizokaa juu ya figo. Jibu linarudi: kiasi cha kawaida. Mzee anaambiwa ni umri na ile saratani, aende nyumbani.

Mimi nasema asirudishwe.

Estrojeni si dawa ngeni kwa wanaume. Mwaka wa 1941 Charles Huggins wa Chicago alionyesha kwamba huidhoofisha saratani ya tezi dume, na mwaka wa 1966 akapata Tuzo ya Nobel. Baadaye ilipungua kutumiwa kwa kuwa yaweza kugandisha damu mishipani, lakini haijatoweka. Wanaume huuliza kuhusu matiti kuvimba na nguvu za kiume. Tezi za juu ya figo hakuna anayezikumbuka, hata sisi madaktari.

Kotisoli iliyo nyingi katika damu hubebwa na protini inayotengenezwa na ini. Inayofanya kazi ni ile kidogo iliyo huru. Estrojeni ya kumeza hulifanya ini litoe protini hiyo kwa wingi. Ni kama kuongeza matatu stendi: abiria walioketi ndani huongezeka, walioshuka kwenda kazini ni wale wale. Kipimo cha kawaida huwahesabu wote pamoja. Basi mwenye tezi zilizoharibika hupata jibu linalopendeza machoni, na huku mwili wake umekaukiwa. Estrojeni ya kubandika kwenye ngozi haileti sana utata huu, kwani hailipitii ini kwanza.

Kifua kikuu huziharibu tezi hizi. Thomas Addison wa London aliyaona hayo mwaka wa 1855. Alieleza pia ngozi kuwa nyeusi zaidi. Kwetu sisi weusi ni afadhali kutazama ufizi na mistari ya viganja. Presha ipimwe mgonjwa akiwa amelala, kisha akiwa amesimama. Sodiamu ikiwa chini na potasiamu juu, tuwe na shaka, hata kama kotisoli yasemekana ni sawa.

Presha ikishuka sana, sindano ya haidrokotisoni na maji ya chumvi ya mshipani visingoje jibu kutoka Nairobi. Hospitali nyingi huweka sindano hiyo kwa ajili ya pumu. Mvua ikinyesha, barabara ya Garissa yenyewe huwa haipitiki.

Wewe mgonjwa, usiache vidonge kwa uamuzi wako. Beba pakiti yake kila uendapo kupimwa, na umwombe daktari aandike jina la dawa hiyo kwenye fomu ya maabara.